Kabla Hujaiuza Hiyo 1300D

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa wenye kamera ndogo za Canon na Nikon wanaotaka kupanda daraja. Nimechagua hizi.

"Kaka, nina Canon 1300D na lenzi iliyokuja nayo. Picha za ukumbini usiku zinatoka na chengachenga. Ninunue bodi gani?" (Morogoro)

Usinunue bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Hiyo lenzi yako ya 18-55 ukiivuta mpaka mwisho inafunguka f/5.6 tu (namba ya f ikiwa kubwa, tundu la mwanga ni dogo), na kamera kwa kukosa mwanga inapandisha ISO, yaani wepesi wa kuhisi mwanga, mpaka 6400. Chenga zinazaliwa hapo. Funga lenzi ya 50mm f/1.8: inaingiza mwanga karibu mara kumi zaidi, kwa hiyo picha ileile unaipiga kwa ISO 640 hivi. Hakuna bodi ya daraja lako itakayokupa nafuu ya namna hiyo. Ubaya wake nao usije ukasema sikukwambia: kwenye sensa ndogo ya 1300D (sensa ni kile kipande kinachopokea picha) lenzi hiyo inaona kwa wembamba kama ya 80mm kwenye sensa kubwa, kwa hiyo ukitaka ukoo mzima uingie kwenye picha itabidi urudi nyuma mpaka kwa wapishi. Za ukoo piga na 18-55 yako na flashi ya kupachika juu, uielekeze darini.

Ila itazame dari kwanza! Siku hizi wapambaji wanaifunika kwa vitambaa vya zambarau, na mwanga ukigonga hapo bibi harusi anarudi zambarau vilevile. Nimeshaona albamu nzima ya rangi hiyo, na mwenyewe analaumu kamera. Tafuta ukuta mweupe, ugeuzie flashi huko.

"Nikitoka megapikseli 18 kwenda 24 nitaona tofauti?" (Mombasa)

Upana wa picha unatoka pikseli 5,184 kwenda 6,000, halafu mteja anazipokea kwa WhatsApp.

"Nimenunua Nikon 50mm f/1.8D ya mtumba niitumie kwenye D3400. Haifokasi yenyewe. Bodi imekufa, nibadilishe?" (Arusha)

Swali hili nimelijibu mpaka nimechoka. Bodi yako nzima. Lenzi za D kama hiyo hazina mota ndani yake, zinazungushwa na mota ya kwenye bodi, na Nikon hawakuiweka kwenye kamera za familia ya D3000 (ndimo ilimo D3400 yako) na ya D5000. Waliiweka kuanzia familia ya D7000. Ama zungusha kwa mkono, ama iuze utafute AF-S 50mm f/1.8G, ambayo mota iko ndani yake. Muuzaji aliyekwambia "inaingia Nikon yoyote" hakukudanganya: imeingia.

"Kamera ipi nzuri?" (hakutaja alipo)

Ya kazi gani, na una shilingi ngapi? Lete swali zima.

"Nataka Canon 250D kwa sababu inarekodi 4K." (Dodoma)

Ukiweka 4K, picha inakatwa pembeni na ile fokasi nzuri ya video inazimwa. Halafu mahali pa kupachika flashi hawakuweka pini ya katikati, kwa hiyo viwashio vingi vya flashi vya bei nafuu mlivyozoea havitawaka. Jaribu na kiwashio chako dukani, kabla ya kulipa.

"Napiga harusi kila wiki kwa Canon 700D. Nimepata Canon 6D na 5D Mark III, zote zimetumika. Nichukue ipi, au nibaki?" (Nakuru)

Wewe ndiye pekee hapa mwenye sababu ya kubadilisha bodi. Lakini 6D usiifuate kwa kuwa tu sensa yake ni kubwa. Gizani fokasi ya nukta ya katikati ni hodari kweli, ila kati ya nukta 11 za fokasi ni hiyo moja tu iliyo ya msalaba (inayoshika mistari ya wima na ya ulalo), ilhali 700D yako ina tisa na zote ni za msalaba. Na 6D inachukua kadi moja tu ya kuhifadhi picha. Mimi kadi moja iliwahi kunifia katikati ya ndoa, nikaenda kumweleza baba wa bwana harusi kwa nini hakuna picha za pete. Sitaki urithi mazungumzo yale. 5D Mark III inachukua mbili: CF na SD. Andika kwenye zote kwa pamoja.

Lenzi zako zilizoandikwa EF-S (za kamera za sensa ndogo) hazitafunga kwenye bodi zote mbili, kwa hiyo bei ya lenzi iweke kwenye hesabu leo. Pia uliza shata, lile pazia linalofunguka kila unapopiga picha, imepiga mara ngapi. Ya 5D Mark III Canon waliikadiria mapigo 150,000, na anayepiga picha 2,000 kwa harusi anayafikia kwa harusi 75. Hesabu ya mapigo kwa kawaida Canon haiiandiki ndani ya picha, ni mpaka uunganishe kamera na kompyuta yenye programu ya kuisoma. Muuzaji akikataa waya, mwachie kamera yake. Akikubali, piga ukuta mweupe kwa f/22 na ukuze picha: madoa meusi ni vumbi kwenye sensa, hilo fundi analisafisha. Mikwaruzo hasafishi.