Kabla ya sindano, tazama hori

*Ng'ombe wangu Frizia anachechemea. Nimdunge dawa gani? (Mukono)*

Mguu upi? Tangu lini? Anakula nini? Swali hili naletewa kila wiki, na kila wiki haya hayamo. Inua mguu, uoshe, tazama katikati ya kwato. Huenda ni jiwe tu. Lakini akidondosha mate na kuwa na vidonda mdomoni, usinisubiri mimi. Mwite ofisa wa mifugo wa wilaya, na ng'ombe asitoke bandani.

*Niliongeza pumba na unga wa mahindi, maziwa yakapanda. Sasa anatembea kama anayekanyaga makaa. Vinahusiana? (Wakiso)*

Sana. Wanga mwingi kwa mkupuo huchachusha tumbo kubwa. Asidi ikizidi, damu haipiti vizuri ndani ya ukwato na nyama yake huvimba. Ukwato hukua kama milimita 5 tu kwa mwezi, hivyo kosa la Machi unaweza kulikuta unyayoni Mei, wakati umeshasahau ulilisha nini. Punguza pumba, zigawe mara tatu au nne kwa siku, matete yatangulie. Kisha pita bandani wakiwa wamelala: wengi wasipocheua, majani hayatoshi. Na haya maganda ya matoke tunayoyagombania sokoni kwa sababu ni rahisi, yamejaa maji. Ni nyongeza, hayashiki nafasi ya majani.

*Mrututu (chumvi ya shaba) kiasi gani kwenye maji ya ng'ombe kukanyagia, kutibu kwato? (Mbarara)*

Gramu 50 kwa lita 1. Osha tope kwanza, mavi huua nguvu ya dawa. Maji yaliyotumika usiyamwage penye matete: shaba hubaki udongoni, na huwadhuru kondoo upesi.

*Mbona ng'ombe Ankole wa babu yangu hawakuugua kwato? (Kiruhura)*

Babu hakuwafungia kwenye saruji.

*Sakafu yangu ni ya saruji, naiosha kila siku, bado wanaumwa. (Masaka)*

Safi kwa macho yako. Ng'ombe wa maziwa hutaka kulala takriban saa 12 kwa siku. Juzi nilisimama kwenye banda linalong'aa hivyo hivyo. Ng'ombe alikunja magoti ya mbele, akanusa sakafu, akasimama tena. Alifanya hivyo mara tatu. Uzito wote huo unabaki juu ya kwato. Mwaga maranda makavu anapolalia, pawe na mteremko mkojo usituame, na kwato zikatwe mara mbili kwa mwaka na fundi anayejua. Wa Masaka mna tabia ya kutumia panga. Acheni.