Sichagui pa kwenda, nauli ndiyo inayochagua

Wiki iliyopita niliweka picha za Istanbul, na kabla sijaamka kesho yake nikakuta ujumbe wa msomaji: “Dada, acha kutuzunguka. Nani anakulipia?”

Nimeandikiwa mengi tangu nianze kuandika habari za safari, lakini hili la kulipiwa ndilo linalonikera kuliko yote. Mwanamume akisafiri anaulizwa amefanyaje. Mwanamke akisafiri anaulizwa danga lake ni nani. Basi leo nijibu kwa kirefu, ili nikiulizwa tena niwe nawaelekeza watu hapa: najilipia. Nimeajiriwa, cheo cha kawaida, mshahara unaopukutika kabla ya katikati ya mwezi kama wa kwako. Sina ndugu ubalozini, sina kampuni inayonidhamini, na ukiona picha za hoteli zenye bwawa ni chache kwangu, ni kwa sababu hizo hoteli huwa silali.

Ninachofanya tofauti ni kimoja tu, na nitakirudia mpaka unichoke: sichagui pa kwenda. Naiacha nauli ichague.

Nilifikaje hapo? Miaka kadhaa nyuma tulikuwa kundi la marafiki tuliopania safari moja kubwa, ile ya kuwaringia watu. Tukafungua kundi la WhatsApp, tukamteua mmoja wetu mweka hazina, kila mwisho wa mwezi tunachanga. Maneno tulikuwa nayo: ujumbe wa sauti usioisha kuhusu nguo za kufanana, mabishano ya nani alale chumba kimoja na nani, picha za vyumba vinavyotazama bahari. Tarehe tu ndiyo hatukuwahi kuwa nayo. Ikikaribia, mmoja ana harusi, mwingine kahamishwa kikazi, mwingine anasema tusubiri bei zishuke. Mwishowe mweka hazina akapata “dharura”. Pesa zangu zilirudi nusu, tena kwa mafungu, na kila fungu nililifuata mwenyewe kwa simu. Hadi leo tukikutana kwenye shughuli ananisalimia kwa bashasha utadhani hakuna kilichopita kati yetu, nami naitikia, maana nimefunzwa adabu nyumbani. Lakini sijasahau.

Ile nusu haikufika popote kwa safari tuliyokuwa tumeipanga. Usiku mmoja, kwa hasira, nikafungua Skyscanner, mtandao wa kulinganisha nauli za ndege, nikaandika ninakotokea, tarehe nikaacha mwezi mzima wazi, na kwenye sehemu ya ninakokwenda nikachagua popote. Ikashuka orodha kuanzia bei ya chini kabisa. Mji wa kwanza kwenye orodha sikuwahi kuuwaza maishani. Ilibidi nifungue ramani nione uko upande gani. Nikakata tiketi. Nikaenda peke yangu, nikarudi, na chenji ikabaki. Yaliyofuata sitayasimulia yote: likizo fupi fupi, sikukuu zilizoangukia Ijumaa, siku za mapumziko nilizokuwa nikiziacha zipotelee kazini bure.

Elewa kwa nini njia hii inafanya kazi. Kiti cha ndege hakina bei moja. Ndege hiyo hiyo, daraja hilo hilo la kawaida, viti vimegawanywa katika makundi ya nauli, na kundi la chini likiisha unapandishwa la juu yake. Jirani yako anaweza kuwa kalipa nusu ya ulicholipa wewe, na magoti yenu yamebanwa sawasawa. Mchezo huu ulikolea Marekani baada ya sheria ya 1978 kuyaachia mashirika ya ndege yajipangie nauli na njia, na sasa umeenea dunia nzima. Kwa hiyo anayesema “lazima Paris, lazima Desemba, lazima niondoke Ijumaa jioni” ameshapigwa kabla hajafungua mtandao. Wewe sema: nina siku nne, mwezi ujao au unaofuata. Hapo utashangaa.

Wale wanaokuambia ufute historia ya utafutaji kwenye simu ili bei ishuke, wasikilize kwa heshima kisha endelea na mambo yako. Mara nyingi bei imepanda kwa sababu kundi la viti vya bei ya chini limekwisha. Kinachosaidia ni hiki: mkiwa wanne na viti vya bei ya chini vimebaki vitatu, mifumo mingi itawapandisha nyote wanne. Tafuta kwanza kwa mtu mmoja, uone tofauti.

Msimu nao nauli huuchagua vizuri kuliko mimi. Istanbul nilipelekwa Novemba, kuna mvua na upepo, watalii wa kiangazi wameshaondoka na vitanda vimeshuka bei. Kando ya maji watu walikuwa wanaitwa wapande boti za watalii za kuzunguka Bosphorus, mlango wa bahari unaougawa mji huo, upande mmoja Ulaya, mwingine Asia. Mimi nikapanda kivuko cha abiria kutoka Eminönü kwenda Kadıköy, kile wanachopanda watu wa mji wakirudi kazini, kwa kadi ile ile ya mabasi na treni. Dirisha lilikuwa limejaa ukungu wa pumzi za watu. Mzee aliyekaa jirani yangu akalifuta kwa mkono wa koti bila kuinua macho kwenye gazeti lake, na pale alipofuta nikaiona minara ya misikiti ikirudi nyuma polepole. Nimetoka Ulaya nimeingia Asia kwa nauli ya basi la mjini! Kwenye msikiti wa kale wa Hagia Sophia watalii wanalipa tangu 2024, lakini Msikiti wa Sultan Ahmed, hatua chache tu kutoka hapo, kuingia ni bure. Wageni wanasubiri tu swala zipite. Hizo ndizo picha ninazoulizwa nani amezilipia.

Sasa tahadhari, maana hapa ndipo wengi wanapoliwa. Nauli inayochagua iwe ni ya kutoka mlangoni kwako mpaka kitandani utakapolala, siyo ile iliyoandikwa kwa maandishi makubwa. Uwanja wa Frankfurt-Hahn una jina la Frankfurt lakini uko kama kilomita 120 kutoka mjini. Beauvais, unaouzwa kama wa Paris, uko kama kilomita 85. Basi la kukufikisha mjini linagharimu, na ukitua usiku mabasi yamekwisha ndiyo balaa. Tafuta basi la mwisho ni saa ngapi kabla hujakata tiketi.

Na begi. Kwenye lango la kupandia ndege kuna kile kisanduku cha chuma cha kupimia mizigo ya mkononi. Safari moja mbele yangu alikuwa kaka mmoja na sanduku lake zuri. Mwili wa sanduku ukaingia, magurudumu yakagoma. Akalisukuma kwa goti, akalilaza ubavu, akalisukuma tena. Mhudumu kasimama na mashine ya kadi mkononi, hana haraka yoyote. Magurudumu na mpini navyo hupimwa, na kulipia mzigo pale langoni kwa kawaida ni ghali kuliko kuulipia mapema mtandaoni. Kaka akalipa, na nilivyomwona uso, nadhani sanduku lilisafiri kwa bei kubwa kuliko yeye. Mimi begi langu ni la mgongoni, la kitambaa laini, nililipima nyumbani kwa futi ya fundi cherehani. Likazama lote. Nilitembea kuelekea kwenye ndege kifua mbele kama mtoto aliyeitwa jukwaani kupewa zawadi.

Malazi sina mengi ya kusema: hosteli, unalipia kitanda tu kwenye chumba cha wengi. Najua kuna wanaoziona ni za wanafunzi, na kweli asili yake ni shule. Mwalimu wa Kijerumani, Richard Schirrmann, aliyekuwa akiwatembeza wanafunzi wake milimani na kukosa pa kuwalaza, alifungua hosteli ya kwanza ya kudumu kwenye ngome ya Altena mwaka 1912. Ila leo utakuta humo watu wazima wenye mvi. Nyingi zina vyumba vya wanawake pekee. Beba kufuli lako, omba kitanda cha chini mbali na mlango, soma maoni ya wageni wa karibuni, siyo ya miaka iliyopita. Basi au treni ya usiku nayo inakuokolea malipo ya usiku mmoja, mradi usifanye hivyo usiku mbili mfululizo. Siku ya tatu utakuwa umelala kwenye benchi la makumbusho.

Kuna njia nyingine ya kulala bila kulipa, ya kubadilishana kazi na malazi. Mtandao wa WWOOF wa kujitolea kwenye mashamba ya kilimo hai ulianza Uingereza mwaka 1971 na sasa uko nchi nyingi. Lakini mkumbuke afisa uhamiaji: nchi kadhaa zinahesabu kazi ya namna hiyo kuwa ni kazi, hata kama hulipwi, na viza ya utalii haikuruhusu. Usitumie mwanya ambao utakufungia mlango wa nchi.

Kwa habari ya viza, sisi wenye pasipoti zisizofungua milango mingi inabidi tuiweke kwenye hesabu ya nauli. Ada ya viza kwa kawaida hairudishwi ukinyimwa. Kwa hiyo nauli rahisi kwenda nchi ngumu siyo rahisi hata kidogo. Mimi huanza na nchi ambazo siombi viza. Ninapoomba, naomba ya kuingia mara nyingi kama inapatikana. Ya Schengen, viza moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, inaweza kufika hata miaka 5, ingawa ndani ya siku 180 zozote huruhusiwi kukaa zaidi ya 90. Pia tazama tarehe ya pasipoti yako sasa hivi, usisubiri. Nchi nyingi zinataka iwe na angalau miezi 6 mbele. Tiketi ya bei ya kutupwa haikungojei ukabadilishe pasipoti.

Ukishafika, mji wenyewe una vya bure kuliko unavyofikiri. Luxembourg tangu 2020 mabasi, tramu na treni za daraja la pili ni bure nchi nzima, kwa mwenyeji na kwa mgeni. British Museum ya London na makumbusho ya Smithsonian ya Washington, kuingia ni bure. Na mashine ya kulipia au ya kutolea pesa ikikuuliza ulipe kwa sarafu ya kwenu au ya pale ulipo, chagua ya pale ulipo, kila mara. Ukichagua ya kwenu, wao ndio wanaopanga kiwango cha kubadilisha, na hawakipangi kwa faida yako. Ni kitufe kimoja tu, lakini ninaowaona wakikibonyeza vibaya ni wengi mno, tena watu wenye pesa zao.

Pesa ya kuanzia inatoka wapi? Hapa ndipo ninapogombana na marafiki. Nina akaunti ya pembeni isiyo na kadi. Mshahara ukiingia, fungu la safari linahama siku hiyo hiyo, kabla sijanunua hata vocha. Fungu lenyewe ni dogo, ningekutajia ungecheka. Lakini simu yangu ina ufa kwenye kioo na sijaibadilisha, na sare za harusi za watu ambao hata simu hawanipigii nimeacha kununua. Nimeitwa bahili, nimeitwa mwenye kiburi, kuna shughuli nimeacha kualikwa. Sawa. Mtu mwenye simu toleo jipya mkononi akiniambia “wewe una bahati unasafiri,” siku hizi simjibu. Kila mtu ana alichonunua. Usilalamikie usichokilipia wakati ulichokilipia umekishika.

Tena usingoje iwe safari kubwa. Safari kubwa ndiyo inayowazuia watu wasiende popote. Siku tatu katika mji usiokuwa na jina kubwa, ulioufikia kwa nauli ya kuokota, zinakufundisha kusoma ramani, kulala na wageni, kujua begi lako linahitaji nini na halihitaji nini. Ukijua hayo, safari inayofuata inakuwa rahisi zaidi, na ya tatu rahisi kuliko hiyo.

Kuhusu kusafiri na wenzio, sikatazi. Nina masharti tu. Hakuna mfuko wa pamoja, hakuna mweka hazina, hakuna kusubiriana. Mmoja wa lile kundi letu la zamani aliniandikia majuzi kwamba safari hii na yeye yumo, nisimwache. Nikamtumia tarehe, namba ya ndege na jina la hosteli. Vitanda vilikuwa vimebaki vitatu. Hajajibu, na mimi nimeshalipia changu.