Kwa nyinyi wapya mnaokuja kubishana makocha

Jumamosi kijana mmoja wa mtaa wa Katuba, hapa kwetu Lubumbashi, alisimama katikati yetu pale kwa fundi viatu, akakunja mikono ya shati, akatangaza kwamba kocha Arne Slot ni mwanafunzi wa kocha Klopp. Ushahidi? "Si alimrithi Liverpool mwaka 2024?" Nikatazama chini. Fundi hakumwangalia yeye, aliniangalia mimi, akatoa sindano mdomoni, akasema neno moja tu: "Andersen." Wakubwa wote wakacheka. Basi acheni niandike, kabla bunge letu la kusimama, yaani kijiwe chetu cha mijadala ya mpira, halijageuka chekechea.

1. Kabla ya kusema kocha huyu ni mwanafunzi wa yule, jiulize walikutana wapi. Mmoja awe amecheza chini ya mwenzake, au amekuwa msaidizi wake, au angalau amefunga safari kwenda kumuuliza. Guardiola alimfuata kocha Bielsa hadi Argentina mwaka 2006. Hiyo tunaipokea, ila kwa nusu alama. Arteta alikaa benchi moja na Guardiola Manchester City tangu 2016 hadi Desemba 2019: alama nzima. Msisahau tu kwamba alicheza kwa Wenger pia.

2. Kurithi kiti hakuhesabiki. Hili nililipia pesa.

Ilikuwa 2015, kocha Tuchel ndiyo kwanza ametua Dortmund, kule Ujerumani, na mimi sauti yangu ilikuwa imeizidi akili. Nikasema Tuchel ni mtoto wa Klopp, na asiyeona ana matongotongo: Mainz alipita Klopp, akaja Tuchel, Dortmund alipita Klopp, akaja Tuchel. Watu wakapiga makofi. Nikanogewa, nikaahidi kreti nzima ya bia ya Simba kwa atakayenipinga.

Fundi, ambaye zamani alikuwa mekanika wa kampuni ya madini, Gécamines, akaacha kushona. "Walitumika pamoja mwaka gani?"

Nikasema 2009.

"Klopp alitoka Mainz 2008."

Basi 2008.

"Mwaka huo Tuchel anatoka Augsburg, anakuja kufundisha vijana wa Mainz. Mwenzake anakwenda Dortmund. Walipishana mlangoni."

Nikarukia tawi lingine: hata hivyo, si alipokea timu iliyojengwa na Klopp? Hapo mzee akashusha sauti, kama mtu anayepeleka habari ya msiba. Katikati yao, akasema, alikuwepo Jørn Andersen, aliyeirudisha Mainz daraja la kwanza mwaka 2009, kisha akafukuzwa kabla ligi haijaanza. Ndipo Tuchel akapewa timu. Jina hilo sikuwa nimelisikia hata siku moja. Jasho likanishuka mgongoni, na makofi yale yale sasa yakawa ya upande wa pili.

"Mimi Gécamines nilipewa kabati ya mzee aliyestaafu," fundi akaendelea, huku anapitisha uzi. "Nilikuta humo kipande cha sabuni na soksi moja. Mzee mwenyewe sikuwahi kumwona. Nani alinifundisha kufungua bolti, ile soksi?"

Kreti niliilipa kwa awamu mbili. Mwaka mzima nilikuwa Andersen, hadi nyumbani. Lakini kilichoniuma zaidi ni mdogo wangu mmoja wa mijadala, aliyekuwa ameshaibeba hoja yangu mpaka mtaa wa Kenya, hapa hapa mjini, akaimwaga mbele ya mashabiki wa timu ya Lupopo. Walimcheka mpaka akarudi kwa miguu, na alikuwa na pesa ya basi.

Ukweli wenyewe wala haukuwa umefichwa. Tuchel alicheza chini ya kocha Rangnick kule Ulm kabla goti halijamwangusha. Klopp mwalimu wake ni Wolfgang Frank, hapo hapo Mainz. Na Tuchel alipokuwa Augsburg ndiye aliyemtuma Nagelsmann, mchezaji mwingine wa goti bovu aliyekuja kuwa kocha, akapeleleze wapinzani. Hiyo ndiyo hoja ya kuwekea kreti.

3. Msikimbilie Ulaya mkaacha ya nyumbani. Kocha Renard mnamjua: mwaka 2012 kombe la Afrika na Zambia, hapo tu ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, mwaka 2015 akatupiga sisi Wakongo 3-1 nusu fainali akiwa na Kodivaa. Mwalimu wake ni Claude Le Roy, ambaye Renard alikuwa msaidizi wake Cambridge United, halafu Ghana. Le Roy huyo huyo aliyekaa benchi la Leopards, timu yetu ya taifa, mara mbili. Tulichapwa na mwanafunzi wa kocha wetu wenyewe, na bado kuna watoto hapa wanaoniambia Renard "alijitokeza tu".

4. Mtu anaweza kuwa na walimu wawili. Mihayo Kazembe, akiwa mchezaji, alibeba Ligi ya Mabingwa Afrika na Mazembe chini ya kocha Garzitto mwaka 2009, akabeba tena chini ya kocha Lamine N'Diaye mwaka 2010. Mwaka 2017 akashinda Kombe la Shirikisho, safari hii yeye ndiye kocha. Ametoka kwa nani? Mimi nasema N'Diaye. Fundi anasema Garzitto. Ukitaka kuingia hapo, njoo na mechi mkononi. "Nilisikia" acha nyumbani.

5. Chaji simu. Usiombe mtu megabaiti katikati ya hoja.

Yule wa Katuba nilitembea naye mpaka kituo cha basi. Nikamweleza kwamba Slot alitoka Feyenoord, na kwamba benchi moja na Klopp hajawahi kukaa. Akatikisa kichwa, akanyamaza kidogo, kisha:

"Yaya, juu ya nini yule mzee anakuita Andersen?"

Nikamwambia basi lake linaondoka.