Jibu: anza na hodi mlangoni
Ndugu mwandishi, umeuliza uanzie wapi riwaya ya taharuki ambayo mhusika wake mkuu ni binti, mtu mzima, wa muuaji anayejulikana kila mahali. Mimi ningeanza na hodi mlangoni. Dennis Rader, aliyeua watu 10 katika eneo la Wichita, jimbo la Kansas, Marekani, kati ya 1974 na 1991, alikamatwa Februari 2005 akiwa mume, baba na mwenyekiti wa baraza la kanisa lake. Siku hiyo ofisa wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, alibisha hodi kwa binti yake huko Michigan. Kabla ya hapo, wapelelezi walikuwa wamekwisha kuchukua, kwa kibali cha mahakama, sampuli yake iliyohifadhiwa tangu alipotibiwa kwenye zahanati ya chuo, wakalinganisha vinasaba na vya muuaji, naye hana habari. Taharuki yako imo humo: mwili wake mwenyewe umetoa ushahidi dhidi ya babaye. Kurithi uovu kwa damu ni hila iliyochakaa, nisamehe kwa kusema hivyo. Afadhali umkalishe sakafuni na albamu ya picha, akigeuza kila moja kutafuta tarehe iliyoandikwa nyuma, ailinganishe na siku za mauaji.