Tasnifu imelala mezani: je, ni uvivu?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari na mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Data za utafiti nilikwisha kuzikusanya, lakini sura ya nne ya tasnifu imelala mezani kwa miezi minane sasa. Kila jioni ninapokaa kuiandika, najikuta nikisahihisha madaftari, nikifua au nikipanga upya kabati. Msimamizi wangu akipiga simu, napata kigugumizi kupokea. Mume wangu anasema ni uvivu, nami nimeanza kumwamini. Nifanyeje?
Mwalimu, Morogoro

JIBU: Ndugu Mwalimu, mtu anayefua na kusahihisha madaftari usiku baada ya kutwa nzima darasani si mvivu. Mvivu hukwepa kazi yoyote ile, lakini wewe unaikwepa kazi moja tu, tena unaikwepa kwa kufanya nyingine, na hiyo ni dalili kwamba tatizo liko katika hisia inayokujia unapoikaribia sura hiyo.

Wanasaikolojia Fuschia Sirois na Timothy Pychyl waliandika mwaka 2013 kwamba kuahirisha kazi ni, kwa sehemu kubwa, njia ya kujituliza moyo kwa muda mfupi. Ukifungua sura ya nne unaingiwa na hofu kwamba huenda uchambuzi wako hautamridhisha msimamizi. Ukiifunga na kushika madaftari, hofu hupungua papo hapo, na kwa kuwa nafuu hiyo ni tamu, kesho yake mkono unakwenda kwenye madaftari haraka zaidi. Nafuu yenyewe haidumu. Dianne Tice na Roy Baumeister, katika utafiti wao wa mwaka 1997 uliohusu wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani, waliona kwamba waahirishaji walikuwa na msongo mdogo mwanzoni mwa muhula, lakini muhula ulipokaribia kwisha walikuwa na msongo na maradhi zaidi kuliko wenzao, na alama zao zilikuwa za chini.

Ndiyo maana neno "mvivu" linanisikitisha. Mumeo naamini ana nia njema, lakini lawama huiongezea sura ile uchungu, na kadiri inavyozidi kuwa chungu ndivyo utakavyozidi kuikimbia. Utafiti mmoja wa mwaka 2010, ambao Pychyl alishiriki, ulionyesha kwamba wanafunzi waliojisamehe kwa kuchelewa kujiandaa kwa mtihani wa kwanza walipunguza kuahirisha maandalizi ya mtihani uliofuata. Kujisamehe huko si kujidekeza, kwa sababu anayejisamehe anakiri kwanza kwamba alikosea. Msomee mumeo aya hii.

Kuhusu kazi yenyewe, usijiwekee nia ya "kuandika sura ya nne wiki hii". Peter Gollwitzer na Veronika Brandstätter waliwapa wanafunzi kazi ya kuandika ripoti fupi wakati wa likizo ya Krismasi. Zaidi ya theluthi mbili ya waliotaja mapema saa na mahali pa kuiandika waliimaliza kwa wakati, ilhali kwa wasiotaja ilikuwa karibu theluthi moja. Kwa hiyo, jiambie hivi: kesho nikishatoa vyombo vya chakula cha jioni, nitakaa kwenye meza ya sebuleni, nitachukua jedwali moja tu la data zangu na kuandika aya moja ya kueleza linaonyesha nini. Madaftari yabaki shuleni siku hiyo.

Usipange pia kumaliza upesi ili kufidia miezi iliyopita. Wanafunzi waliochunguzwa na Roger Buehler na wenzake mwaka 1994 walikadiria kwamba tasnifu zao zingekamilika kwa wastani wa siku 34, zikawachukua zaidi ya siku 55.

Msimamizi wako mpigie wewe, kabla hajapiga tena. Mweleze kwamba umekwama tangu mwezi fulani, na umwombe akubali kupokea kurasa mbili mbichi Ijumaa ijayo badala ya sura nzima.