Fonti za mbwembwe zina mahali pake

Mi nazipenda fonti za mbwembwe, yaani mitindo ya herufi zenye mikia iliyojikunja na vidoa kila pembe kama Curlz au Jokerman, na najua watu wengi wa dizaini wakiziona wanakunja sura. Mara nyingi ubaya sio wa fonti, ni wa pale ilipowekwa. Zimechorwa kwa ajili ya kichwa, yaani neno moja mawili matatu kwa saizi kubwa, basi. Ukiandika aya nzima kwa Jokerman unamtesa msomaji bure, maana jicho linataka herufi zitulie ndo lisome haraka na hapo kila moja inacheza ngoma yake.

Nikitengeneza kadi ya bethidei ya mtoto, jina lake tu ndo linapata mbwembwe, tarehe na saa na namba ya simu naziweka kwenye fonti ya kawaida kabisa. Mbili za mbwembwe kwenye kadi moja hapana, zinagombania macho. Halafu naipunguza kadi ukubwa mpaka itoshe skrini ya simu, kwa sababu ile mikia myembamba ndo ya kwanza kupotea. Na usiandike neno zima kwa herufi kubwa tupu, hizo ndo zenye mapambo mazito na zikikaa pamoja zinagongana.

Watu watasema mbona Comic Sans, ile fonti ya herufi za kikatuni, inachukiwa hivyo. Ile aliichora Vincent Connare mwaka 1994 akiwa Microsoft, aliona mbwa wa katuni kwenye programu ya Microsoft Bob anaongea kwa Times New Roman, fonti rasmi ya kiofisi, akaona haiendani kabisa. Sawa, kwa mbwa wa katuni inafaa! Chuki ilikuja baadaye ilipoanza kubandikwa hadi kwenye matangazo ya maofisini. Mwaka 2012 wanasayansi wa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, walivyotangaza kuiona chembe ya Higgs, chembe ndogo kuliko atomu iliyotafutwa miaka mingi, baadhi ya slaidi zilikuwa kwa Comic Sans, watu mtandaoni wakaanza kujadili fonti wakati habari kubwa iko pale pale mbele yao. Zilisomeka vizuri tu mbona, ila sauti ya fonti ilisikika kabla ya maneno.

Sasa sisi tunaoandika Kiswahili tuna shida yetu, irabu zinajirudia sana. Andika "mahafali" kwa fonti inayojifanya imeandikwa kwa mkono ovyo ovyo, a zote tatu zinatoka pacha na ule utundu wote unaisha palepale. Tafuta fonti yenye herufi mbadala, yaani maumbo zaidi ya moja ya herufi ileile, ubadilishe hata a moja. Jaribu na "ng'ombe" kabla hujalipia, kuna fonti hazina kabisa ile alama ya ritifaa, programu inaazima ya fonti nyingine na inaonekana wazi. Za bure nazo soma leseni, nyingi ni za matumizi binafsi tu, logo ya biashara haimo.