Kabla ya kuandika "ale mboga za majani", uliza maji yalikwenda wapi

Wadogo zangu mlioripoti kliniki ya kisukari hapa Lindi, hili mimi nilifundishwa na bibi mmoja wa Mtama. Nilikuwa mgeni kama ninyi, kila kadi naandika: apunguze ugali, aongeze mboga za majani. Bibi akatii. Aliporudi nikamuuliza mchicha anaupikaje.

"Nauchemsha, mjukuu wangu, maji yale ya kijani namwaga, halafu naunga kwa nazi."

Nikaishiwa maneno. Mshipa wa damu kwa ndani umetandikwa utando wa seli, tabaka moja tu. Utando huo hutoa gesi ya nitriki oksaidi, na gesi hiyo ndiyo inayoulegeza msuli wa mshipa damu ipite. (Furchgott, Ignarro na Murad walipewa Nobel mwaka 1998 kwa ugunduzi huo.) Sukari ikikaa juu muda mrefu, gesi hutoka kidogo, na hiyo kidogo huharibiwa kabla haijafika kwenye msuli. Mshipa unabaki umekaza. Sasa mchicha una naitreti nyingi, aina ya chumvi ambayo mmea huivuta kutoka udongoni. Bakteria wa kwenye ulimi huigeuza kuwa naitraiti, mwili ukamalizia kuwa gesi ile ile, bila kuutegemea ule utando uliochoka. Ila naitreti huyeyuka kwenye maji, na bibi alikuwa akiyamwaga nyuma ya jiko.

Basi nikaanza kumkataza kila mtu kumwaga maji. Kosa la pili hilo, na baya kuliko la kwanza. Mgonjwa ambaye figo zimeanza kuchoka, madini ya potasiamu yakimpanda kwenye damu, huyo ndiye wa kuchemsha na kumwaga, maana potasiamu ya mboga nayo hutoka na maji. Fungua faili kwanza, ndipo uulize habari za sufuria. Kisamvu nacho kina sheria yake kwa sababu ya sumu ya sianidi: kitwangwe, kichemshwe sana bila kufunikwa. Kina mama wa huku wanalijua hilo kuliko sisi, msiwahutubie.

Mtaulizwa sana kuhusu unga wa mlonge. Msicheke. Mengi yanayosemwa kuhusu mlonge na mishipa yametoka kwa panya wa maabara, kwa hiyo msimwahidi mtu kitu. Ulizeni tu kama vidonge vyake vya kisukari, metformini, bado anameza, maana wapo wanaovificha kabatini wakishapata mlonge. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiongeze wala kupunguza majani ghafla, vitamini K huivuruga dawa hiyo. Na anayesukutua kila siku dawa ya kuua vijidudu mdomoni anawaua hata wale bakteria wa ulimini.

Figo za bibi zilikuwa nzima, nikamwomba apike mchicha kwa maji kidogo, uivie humo humo. Anafanya, huku analalamika kwamba tui halionekani tena weupe wake. Nazi yenyewe nilimwachia. Vita viwili kwa mpigo na bibi wa Mtama siviwezi.